Mwaliko wa Ngisi Mkuu

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata bibi zetu waliisikia kwa kusimuliwa, palikuwa na mji kisiwani ukiitwa Mwambakuu, na aliyeutawala aliitwa Sultani Ngwali. Hakuwa mtawala mbaya, wala hakuwa mwema wa kupigiwa mfano. Alipenda kula vizuri, alipenda kusifiwa huku akila, na alipenda mno kukirimu wageni, hata msafiri aliyepotea njia akafika Mwambakuu aliondoka amenenepa mashavu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba hakuweza kuvumilia kuchekwa.

Basi siku moja miguu ya Sultani ilivimba, na mganga akamwambia ailoweke katika maji ya chumvi wakati bahari inapokupwa. Sultani akashuka pwani, akakunja suruali yake ya hariri, akaketi juu ya jiwe, akatumbukiza miguu katika kidimbwi. Mbali kidogo, juu ya mwamba, wanawake wa mji walikuwa wameinama na vijiti vyao vyenye ncha, wakichokoa matundu kutafuta pweza kama walivyofanya mama zao na mama za mama zao. Ikawa ndani ya kidimbwi kile alikuwamo pweza mdogo, asiyezidi kiganja cha mtu, amevikimbia vijiti na kujificha. Naye alipokiona kifundo cha mguu kilichonona namna ile, akadhani ni jiwe zuri la kujishikiza, akajizungusha.

Sultani akapiga ukelele uliosikika mpaka sokoni. Akaruka kutoka juu ya jiwe, akatoka mbio kupanda mchanga, kilemba kinafunguka nyuma yake kama mkia wa tiara, na walinzi wanamfuata mbio bila kujua wanakimbia nini. Pweza alikuwa ameshajiangukia zamani na kurudi majini, lakini Sultani hakusimama mpaka alipofika chumbani kwake. Wale wanawake hawakucheka. Wangecheka ingekuwa afadhali. Waliinamisha vichwa wote pamoja, wakajiziba vinywa kwa leso zao, na mabega yao yakawa yanatikisika.

Kesho yake asubuhi baraza lilikaa, na hakuna aliyethubutu kuuliza habari za miguu ya Sultani. Mawaziri walitazama mikeka, Kadhi alizitazama ndevu zake. Aliyevunja kimya ni mtu aitwaye Nahodha Sarboko, ambaye kazi yake ilikuwa kula chakula cha Sultani na kukilipa kwa visa vya bahari, ingawa mji mzima ulijua kwamba chombo chake hakijapata kwenda mahali ambapo minazi haionekani.

"Maulana," akasema Nahodha Sarboko, "nimesikia yaliyokusibu jana, na moyo wangu umekaribia kusimama. Aliyekushika si mwingine ila Ngisi Mkuu wa kilindi."

Sultani, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameinamisha uso, akauinua kidogo. "Ngisi Mkuu?"

"Ndiye, Maulana! Nimemwona kwa macho yangu haya mawili, nilipopita katika bahari isiyo na mwisho wa kina. Macho yake ni mapana kuliko masinia ya pilau ya harusi. Mdomo wake ni wa kasuku, lakini huvunja mlingoti kama mtu avunjavyo muwa. Ana mikono kumi, minane ya kukamatia na miwili mirefu ya kufikia, na kila mkono umejaa vikombe vya kufyonza, na kila kikombe kina meno. Nyangumi hupigana naye kwa mchezo tu. Kwake ni chini, chini kabisa, ambako jua halijapata kufika tangu dunia kuumbwa. Samaki wenye kandili zinazoning'inia puani ndio wanaomwangazia ukumbi, samaki mkunga, mrefu kuliko mnazi, ndiye bawabu wake, na akilala hujifunika samaki nyenga aliye mpana kuliko tanga."

"Na chakula chake?" akauliza Sultani.

"Watu, Maulana. Hasa watu wa heshima."

Sultani akaketi wima. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. "Nami nikamponyoka," akasema.

"Ulimponyoka, Maulana! Tena hajapata kumponyoka mwingine."

Basi uongo ule ukampendeza Sultani kuliko tende na kahawa, akaukumbatia kama mtoto aliyepotea akapatikana. Na kwa kuwa hakutaka tena kuyaona mabega ya wale wanawake yakitikisika, akaamuru mbiu ipigwe mjini kote: mwamba umefungwa, asikanyage mwanamke yeyote, maana hao wanaochokoa matundu ndio wanaomwamsha Ngisi Mkuu huko aliko. Walinzi wenye mikuki wakawekwa pwani, wakawa wanashinda juani wakiyalinda mawe.

Sasa, katika mji huo alikuwapo mtu mmoja maskini jina lake Mbarahaji. Watu walimwita mjinga, kwa sababu alifanya neno kama alivyoambiwa, halipunguzi wala haliongezi. Jirani yake alipata kumwambia, "Niketie mlangoni pangu, asiingie mtu yeyote," na yule jirani aliporudi kutoka shamba alimkuta Mbarahaji ameketi palepale, akamkatalia kuingia nyumbani kwake mwenyewe mpaka magharibi. Wengine walisema si mjinga hata kidogo, bali ni mvivu mwenye akili, na mimi ndio ninaowaamini. Kazi hasa hakuwa nayo. Aliyemlisha ni mkewe, Mize, ambaye hapana tundu la pweza asilolijua katika mwamba ule, na aliyeweza kumpiga pweza jiweni mpaka akalainika kama mkate wa kumimina.

Basi mwamba ulipofungwa, nyumba nyingi za Mwambakuu zilianza kula muhogo mkavu asubuhi na muhogo mkavu jioni. Wanawake waliosomesha watoto na kuezeka mapaa kwa pweza wakawa wanakaa barazani, mikono mitupu, wakiisikiliza bahari inavyokupwa bila wao. Mize hakulalamika sana, na hilo ndilo lililomtia Mbarahaji hofu. Alimzoea Mize mwenye kelele. Alipomwona anakisugua kijiti chake kwa mafuta ya nazi kila siku, kisha anakitundika ukutani bila kusema neno, moyo wake ulimuuma, akaacha kufanya mzaha.

"Mume wangu," Mize akamwambia siku moja, "Mungu amekupa mdomo, na mimi nimekuvumilia nao miaka yote hii. Leo kautumie mahali panapofaa."

Mbarahaji akajifunga shuka, akaenda barazani kwa Sultani. Akapiga magoti. "Nashika miguu, Maulana."

Neno lile la miguu halikumfurahisha Sultani. "Marahaba. Una haja gani?"

"Maulana, nimekuja kuuombea mwamba. Ngisi Mkuu anakaa kilindini, na wanawake wetu hawafiki hata maji ya magotini. Wafungulie, Maulana. Watu wana njaa."

Wazee wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali, na Kadhi, ambaye alikuwa mpenzi mkubwa wa pweza wa nazi, akakohoa kwa namna ya kuunga mkono. Sultani akaona kwamba akilegeza hapa, kesho watu watauliza huyo Ngisi yuko wapi, na keshokutwa watauliza ni nani basi aliyemshika mguu. Akakasirika kama anavyokasirika mtu mwenye jambo la kuficha.

"Kumbe wewe unasema hakuna Ngisi!"

"Sijasema hivyo, Maulana."

"Basi kama yuko, mlete! Mimi ni sultani, yeye mkuu wa kilindi, na haifai tuishi jirani bila kuonana. Nakupa mpaka bamvua lijalo, maji yatakapokupwa sana. Ukimleta hapa barazani kwangu, mwamba nitaufungua. Usipomleta, wewe na mkeo mtahama kisiwa hiki, na mwamba utafungwa muda wote wa uhai wangu. Nenda!"

Mbarahaji akatoka. Alikuwa amezoea kucheza na maneno ya watu, lakini safari hii alijua ameshikwa. Alimweleza Mize yote, na Mize akarudiwa na kelele zake zote kwa mara moja.

"Nilikutuma ukafungue mwamba, unanirudia na sisi tumefukuzwa! Tutakwenda wapi? Mimi najua mwamba huu tu! Huko bara nitachokoa nini, vichuguu?"

 Mbarahaji alikaa ukumbini siku ile na siku zilizofuata, akimtafakari Ngisi Mkuu, macho yake kama masinia na mikono yake kumi. Hakupata kitu ila kuota kwamba anapakatwa naye.

Ikawa bamvua limekaribia, na wao wameanza kufunga virago, ndipo aliposikika mtu akipiga hodi. Alikuwa Bi Rukaya, shangazi yake Mize, amekuja kutoka upande wa pili wa kisiwa kuwajulia hali. Mama yule alikuja kama waendavyo watu wa adabu: ana kapu la mchele, ana samli, ana mikate ya ufuta imefungwa kwa majani ya mgomba. Walikula, wakacheka, wakasahau dhiki yao. Lakini Bi Rukaya alipoondoka tu, Mize akakaa chini na kushika tama.

"Una nini tena?" akauliza Mbarahaji. "Tumeshiba."

"Tumeshiba, na sasa tumo mashakani zaidi. Shangazi ametutembelea. Nasi sharti turudishe ziara."

"Turudishe ziara gani, na sisi twafukuzwa?"

"Hata tukifukuzwa! Atasema nini kwa watu? Kwamba alikuja kwa Mize na Mize hakuja kwake? Kule ni mbali, njia ni ya mawe, wewe kanzu huna, na mikono mitupu haiendi kwa shangazi. Laiti asingekuja, Mungu anisamehe! Nampenda, lakini laiti asingekuja."

Mbarahaji akamtazama mkewe. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka, kisha tumbo, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mize akadhani muhogo umempanda kichwani.

"Mke wangu," akasema alipopata pumzi, "fungua virago hivyo." Akatoka mbio kuelekea pwani.

Walinzi wakamzuia. Akawaambia, "Mimi si mwanamke, wala siendi mwambani, naenda kutimiza amri ya Sultani." Wakampisha. Mbarahaji akaingia majini mpaka kiunoni, akavuta pumzi, akatumbukiza kichwa chote, na huko chini ya maji akamwalika Ngisi Mkuu kwa sauti kubwa, kwa jina la Sultani Ngwali bin Sultani, mwenye Mwambakuu na visiwa vyake, na akamtajia siku. Alifanya hivyo kwa ukamilifu, maana hakutaka kusema uongo mbele ya Kadhi. Mapovu mengi yakapanda, walinzi wakayaona, na masikio yakamjaa maji. Jibu halikuja. Akatoka, akajikamua shuka, akaenda moja kwa moja barazani akiwa anachuruzika.

"Maulana," akasema, "nimempelekea mwaliko wako Ngisi Mkuu. Walinzi wako ni mashahidi."

Sultani akashtuka, chano cha matunda kikamponyoka mkononi. "Akasemaje?"

"Alinyamaza, Maulana. Hakukataa."

"Kunyamaza kuna maana gani?"

Mbarahaji akamgeukia Kadhi kwa unyenyekevu. "Sheikh, binti akiulizwa juu ya posa akanyamaza, husemwaje?"

Kadhi akapapasa ndevu. "Husemwa ameridhia," akasema.

"Na mgeni aliyealikwa kwa adabu, akasikia, naye akanyamaza?"

"Sioni kwa nini ukimya wa ngisi uhesabiwe tofauti na wa binti," akasema Kadhi, na mtu aliyekuwa karibu naye aliona jicho lake moja likicheza.

Baraza zima likaanza kunong'ona. Sultani akatazama huku na huku. Sehemu moja ya moyo wake ilijua kabisa ni mnyama gani aliyemshika mguu, lakini sehemu nyingine ilikuwa imelishwa uongo kwa mwezi mzima na sasa imekua. Akatamani kusema mwaliko umefutwa, lakini Nahodha Sarboko, ambaye hakupenda kupitwa na sifa, akadakia:

"Hakika atakuja, Maulana! Namjua, ni mwenye ahadi."

"Ndivyo nilivyodhani," akasema Mbarahaji. "Na kwa kuwa ni mkuu, nami ni mtu duni nisiyejua mambo ya wakubwa, nimekuja kuuliza tumpokeeje, tusije tukautia mji aibu. Atakapofika kwenye mkeka, nani atamnawisha?"

Hapo akawa amemgusa Sultani pale anapopenda kuguswa. Sultani akasahau hofu. "Mimi mwenyewe," akasema. "Mgeni wa daraja hiyo hanawishwi na mtumishi. Nitashika birika kwa mkono wangu."

"Mikono yote kumi, Maulana?"

"Yote kumi! Ziletwe birika za kutosha."

"Na kula kwa mkono wa kuume ndiyo desturi yetu. Wake wa kuume ni upi?"

Hapo pakawa na mabishano. Mmoja akasema ni ule mrefu, mwingine akasema mirefu ni miwili. Kadhi akakata shauri kwamba mitano iliyo upande wa kuume yote ni ya kuume, na kwa hiyo atakuwa anakula mara tano kuliko watu, na wali upikwe kwa kadiri hiyo. Sultani akafurahi, akaita wapishi. Akaamuru chumba chake mwenyewe kijazwe maji ya bahari, maana mgeni hulazwa mahali bora. Akaamuru udi ufukizwe. Mtu akauliza atafukizwa nguo gani, na Sultani akasema atafukizwa mwenyewe mikono, mmoja baada ya mmoja. Nami nakwambieni, wakati ule Sultani Ngwali alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mwenyeji, na Mbarahaji alipomwona anahangaika na masinia alimpenda kidogo.

"Maulana," akasema, "basi haki zote za mgeni utazitimiza?"

"Zote! Tena kwa nafsi yangu. Nikiacha hata moja, watu wa Mwambakuu wasinisalimie."

"Nimeshuhudia," akasema Kadhi.

"Basi limebaki dogo tu," akasema Mbarahaji. "Naomba kujua siku utakayorudisha ziara, nipate kumwarifu ajiandae."

Sultani akakunja uso. "Nirudishe nini?"

"Ziara, Maulana. Yeye atakuja kwako, nawe utakwenda kwake."

Barazani vikombe vya kahawa vikaacha kugongana. Sultani akamtazama Kadhi, na Kadhi akashusha pumzi kama mtu anayesikitika sana.

"Ni desturi, Maulana. Mwanamke maskini akitembelewa na shangazi yake hurudisha ziara. Sembuse sultani."

"Kwake… kwake ni wapi?"

"Nahodha anapajua," akasema Mbarahaji. "Nahodha, hebu tukumbushe."

Nahodha Sarboko akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakikutoka kitu. Ikabidi Mbarahaji amsaidie. "Ulisema ni chini kabisa, ambako jua halijafika. Ni kweli?"

"Ni… ni chini, ndiyo."

"Lakini pana mwanga wa samaki wenye kandili, kwa hiyo Maulana hatajikwaa. Na bawabu ni mkunga mrefu kuliko mnazi. Huyo huuma?"

"Sijui. Kidogo."

"Na Maulana atalala huko, kwa kuwa ni aibu kwenda kwa mfalme na kurudi saa ileile. Atafunikwa yule nyenga mpana. Na chakula, Nahodha, ulisema hupika nini?"

Nahodha akaitazama mikono yake. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Sultani alikuwa anatoka jasho. "Nitatuma naibu," akasema.

"Baina ya wakuu ziara haina naibu," akasema Kadhi, "isipokuwa mwenyewe akiwa mgonjwa."

"Basi mimi ni mgonjwa! Miguu yangu imevimba, mji mzima unajua."

"Pole, Maulana," akasema Mbarahaji kwa huzuni kubwa. "Lakini Ngisi Mkuu akisikia unaumwa, atakuja tena kukujulia hali. Hapo utakuwa unadaiwa ziara mbili."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua, akageuza kicheko kuwa chafya. Sultani akaruka kutoka kitini, akamwelekeza kidole Nahodha Sarboko. "Huyu! Huyu ameshamwona, huyu ni rafiki yake! Atakuwa naibu wangu. Mfungeni jiwe la nanga, mumshushe aende akamwombe radhi kabla hajaja!"

Hapo Nahodha Sarboko akaanguka kifudifudi juu ya mkeka, kofia yake ikabiringika mpaka miguuni pa Kadhi. "Nisamehe, Maulana! Sijamwona! Sijaona chochote! Mimi nikipita minazi natapika! Hayo mengine nilisikia kwa mabaharia, na mengine nimeyatia mwenyewe, na hao wenye kandili niliwaota nikiwa na homa! Sijui kama yuko au hayuko!"

 Sasa, kama Nahodha hakumwona Ngisi, basi nani alimshika mguu Sultani? Kila mtu aliliona swali lile limekaa katikati ya baraza, na kila mtu akaanza kuhesabu nyuzi za mkeka. Sultani Ngwali alisimama peke yake. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyekamatwa na sukari.

Mbarahaji angeweza kulitamka jibu. Neno moja tu, na angesimuliwa katika vijiji vyote, na mji ungecheka mpaka mwaka wa pili. Ulimi ulimwasha. Lakini alipomtazama yule mzee amesimama pale na miguu yake iliyovimba, akamwonea huruma, huruma ya kweli, akaona kwamba hakuja pale kumvua nguo mtu. Alikuja kwa ajili ya mwamba.

"Maulana," akasema taratibu, "kilindi hakuna kati yetu anayekijua, na viumbe vya Mungu ni vingi. Huenda yuko. Lakini mwaliko nimeupeleka mimi, kwa maji, na ni vizuri ufutwe kwa maji, kwa adabu. Pweza ni jamaa za ngisi, nao wanakaa katika matundu ya mwamba. Waamuru wanawake washuke, wapige hodi tundu kwa tundu kwa vile vijiti vyao, wawaambie pweza wote kwamba Sultani anaomba radhi, ana shughuli. Habari zitafika."

Sultani akamtazama. Pembe ya mdomo wake ikaanza kumsaliti.

"Na pweza asiyetaka kutoka kusikiliza?"

"Atavutwa, Maulana."

"Na aliyekwisha kusikia?"

"Ataletwa kwako kutoa majibu. Ndani ya tui la nazi."

Kadhi akafumba macho kama anayesali. Na hapo Sultani Ngwali, aliyepewa mlango wa kutokea kwa heshima, akawa ameshika kitasa, akaacha. Akakaa chini, si kitini, bali mkekani pamoja na watu.

"Hakuwa Ngisi," akasema. "Alikuwa pweza. Tena mdogo, hafiki hata kiganja changu hiki. Nami nilipiga kelele kama nimeshikwa na jini, nikakimbia, na mji wangu nikaulisha muhogo mwezi mzima ili nisiambiwe."

Hakuna aliyejua afanye nini na uso wake. Ndipo Sultani alipoanza kucheka mwenyewe, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, akipiga mapaja, machozi yanamshuka. "Mikono kumi!" akasema. "Nilikuwa naagiza birika!" Baraza lote likaangua kicheko, mawaziri, walinzi, hata Nahodha pale chini kifudifudi, na Sultani akaona kwamba anachekwa na watu mia na hajafa. Akashangaa kwamba alikuwa amekiogopa kitu chenyewe hiki.

Mwamba ukafunguliwa saa ileile. Nahodha Sarboko alipewa adhabu ya kuwabebea wanawake makapu mpaka mwisho wa mwaka, katika maji yasiyozidi magoti, na inasemekana hata hapo alipata kizunguzungu. Mbarahaji aliambiwa achague zawadi, akasema mwamba unatosha, na Sultani akamtazama kwa namna ambayo hajapata kumtazama waziri yeyote. Kuanzia siku ile hakuna jambo kubwa lililoamuliwa Mwambakuu bila mjinga yule kuitwa kwanza.

Mbiu ilipopita mtaani kwao, Mize hakungoja iishe. Maji yalikuwa yanakupwa. Alitwaa kijiti ukutani, akawapita walinzi waliokuwa wanaiweka chini mikuki, akaingia mwambani mbele ya wanawake wote, na Mbarahaji alipofika nyumbani kuhadithia ushujaa wake hakumkuta mtu. Alingoja. Mkewe akarudi amelowa mpaka kifuani, kapu limemwelemea, uso unang'aa kama hajapata kuwa na njaa.

"Mke wangu," akaanza Mbarahaji, "laiti ungenisikia! Nilimwambia Sultani—"

"Nimesikia, mji mzima umesikia," akasema Mize, akimwaga pweza sakafuni, na macho yake yamejaa machozi ingawa anacheka. "Umefanya vizuri, mume wangu. Umefanya vizuri sana. Sasa kaa hapa unikunie nazi, maana hawa hawatajipika."

Mbarahaji akakaa, akakuna nazi, wala hakuongeza neno.

Na mimi hekaya yangu naivua hapa. Iliyo tamu kuleni, na atakayekuta mfupa ndani yake ajue si wangu, kwa kuwa pweza hana mfupa.